Kuhusu nyumba ya John Wesley

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kama inafaa Mmethodisti kwenda kuitembelea nyumba ya John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, huko London, au kama huko ni kuanza kumwabudu marehemu. Nenda. Kumheshimu aliyekutangulia si kumwabudu, na nyumba hiyo, ukiitazama vizuri, haikuachii nafasi ya kumgeuza Wesley kuwa malaika.

Ipo barabara ya City Road, ubavuni mwa kanisa alilolifungua mwaka 1778. Alihamia hapo mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 76, na ndipo alipokaa hasa nyakati za baridi, kwa kuwa miezi mingine alikuwa safarini akihubiri. Vyumba vingine vipitie tu. Usikose chumba cha kulala, alimofariki tarehe 2 Machi 1791, pamoja na kile chumba kidogo cha sala kinachopakana nacho, ambamo aliomba alfajiri kabla ya kushika shughuli nyingine yoyote.

Kisha utafute mashine yake ya umeme. Ilizungushwa kwa mkono, naye aliwatibu wagonjwa kwa mishtuko yake midogo, akiamini kwamba inaponya maradhi mengi mno (tiba hiyo usiijaribu, tafadhali). Kipo pia kiti chenye springi, ambacho mtu alikikalia akapandishwa na kushushwa kana kwamba yuko juu ya farasi, ili kuunyoosha mwili siku asizosafiri. Mimi vitu hivyo viwili vinanisaidia kuliko picha zake zote, kwa sababu vinamwonyesha mtu aliyeomba kwa bidii na bado akahangaikia afya yake na ya maskini. Muulize anayewatembeza wageni ni samani zipi zilikuwa zake hasa na zipi ni za enzi hiyo tu.

Kaburi lake liko nyuma ya kanisa. Katika wosia wake aliagiza jeneza libebwe na maskini 6, kila mmoja alipwe pauni 1, wala pasiwe na fahari yoyote. Ukivuka barabara utafika Bunhill Fields, alikozikwa mama yake, Susanna, mwaka 1742.

Ukijisikia kuomba katika chumba kile cha sala, omba bila wasiwasi, maana unayemwomba ni yuleyule aliyeombwa na Wesley.

Mama yako