Maswali ya Wasomaji: Farasi Anayeruka Fensi

SWALI: Nina farasi aliyehasiwa, umri miaka tisa, uzito kama kilo 400. Walikuwa wawili, lakini mwenzake aliuzwa. Tangu hapo anaruka fensi ya padoki, hasa jioni, tunamkuta barabarani au kwenye ngano ya jirani. Fensi ni ya mbao, urefu mita 1.2. Fundi anataka kuzungusha seng'enge juu yake. Nikubali?
Msomaji, Njoro

JIBU: Usikubali. Ngozi ya farasi ni nyembamba, na chini ya goti hana nyama ya kumkinga, ni ngozi, kano na mfupa tu. Ng'ombe akinaswa na seng'enge mara nyingi husimama; farasi huvuta kwa nguvu zake zote, na miiba huchana hadi kwenye kano. Isitoshe, jioni waya mwembamba hauoni vizuri, kwa hiyo atauruka bila kujua uko wapi.

Chanzo umekitaja mwenyewe: mwenzake aliondoka, kuruka kukaanza. Farasi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake hukesha akichungulia, na hata kulala chini hupunguza, kwa sababu hakuna wa kumlindia zamu. Ukiinua ua na upweke ukabaki, atajaribu ua huo mrefu na huenda akavunjika mguu. Kwa hiyo fedha za kwanza zitumie kumtafutia mwenzake. Farasi mwingine ndiye bora. Punda anafaa pia, na Nakuru punda hawakosekani, ila wengi hubeba minyoo ya mapafu bila kukohoa, kisha farasi ndiye anayeugua. Mwite daktari wa mifugo ampe punda dawa ya minyoo kabla ya kuwachanganya, na siku za mwanzo wakae padoki jirani, waonane na kunusana tu. Wako farasi wanaotulia hata kwa mbuzi.

Kisha tazama chakula, maana kuruka jioni kuelekea ngano kunatia shaka ya njaa. Farasi wa kilo 400 anahitaji angalau kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu kwa siku kama padoki imekwisha malisho. Pima kwa mizani, usihesabu marobota, kwa kuwa robota moja la nyasi ya boma rhodes si sawa na jingine. Sehemu kubwa mpe saa kumi na moja jioni, ndani ya padoki, upande ulio mbali na lango. Punguza mahindi kama hafanyi kazi. Nguvu asizozitumia atazimalizia kwenye fensi. Na usimpe kamwe chakula cha madukani kilichotengenezewa ng'ombe au kuku: baadhi yake hutiwa monensini, dawa ambayo humuua farasi hata kwa kiasi kidogo.

Sasa fensi. Kwa farasi aliyekwisha kujua kuruka, mita 1.2 ni kama mwaliko. Fikisha mita 1.5. Usipigilie vipande vya mbao juu ya nguzo fupi, vitang'oka akiviegemea mara ya kwanza. Weka nguzo mpya za mkaratusi zilizotiwa dawa, urefu mita 2.4, sentimita 90 zizame ardhini, umbali mita 2.5 hadi 3. Mbao zipigiliwe upande wa ndani wa nguzo, ili akisukuma azikaze badala ya kung'oa misumari.

Urefu upime kutoka mahali anaporukia. Kwenye mteremko, farasi aliyesimama upande wa juu anaona ua mfupi kuliko unaouona wewe uliye chini. Rundo la samadi karibu na fensi ni ngazi. Gogo lililolala mguuni pa fensi nalo liondoe, kwa sababu humsaidia kukadiria hatua ya kuruka. Lango ndilo husahaulika: fundi huinua ua wote, lango likabaki vilevile, naye farasi hupita hapo hapo.

Juu kabisa pitisha utepe mweupe wa fensi ya umeme, upana sentimita 4, ambao anauona kwa urahisi. Mwingine uweke ndani, kimo cha kifua, kwa vishikizo vinavyoutenga na mbao sentimita 20 hivi. Umeme utoke kwenye mashine maalumu ya fensi, iwe ya sola au ya stima. Kuunganisha waya moja kwa moja na stima ya nyumbani ni kuua, na seng'enge haitiwi umeme kabisa. Mashine nyingi hulaumiwa bure wakati kosa liko kwenye ethi, yaani vyuma vinavyounganisha mashine na ardhi. Chimbia vyuma vitatu vya mabati, kila kimoja karibu mita 2, vikiachana mita 3, mbali na ethi ya nyumba. Udongo wa majivu ya volkano hukauka upesi, basi Januari na Februari mwagia maji palipo vyuma hivyo. Pima kwa kipimo cha fensi mwisho wa waya: volti zikishuka chini ya 3,000, tafuta nyasi zinazogusa utepe.

Siku ya kwanza mzungushe kwa halta, yaani hatamu ya kichwani, kando ya utepe wote, mchana, kabla ya kumwachilia, na umwangalie saa kadhaa. Akitoroka tena, msimfukuze wala msimlishe barabarani. Mshikeni, arudi ndani, ndipo ale. Na msimfunge kamba miguuni. Farasi aliyefungwa huruka vilevile, ila huanguka.

SWALI: Jike langu hutulia, kisha kila baada ya wiki tatu hivi huruka fensi siku kadhaa. Jirani ana dume.
Msomaji, Kitale

JIBU: Ni joto la kutaka dume. Mzunguko wake ni siku 21 hivi, na joto huchukua siku tano hadi saba. Huku karibu na ikweta majike wengi huendelea hivyo mwaka mzima. Andika tarehe, na siku hizo mlaze bandani pamoja na mwenzake. Ukipakana na dume, uzio mmoja hautoshi: zungumza na jirani mjenge nyua mbili zenye nafasi ya mita 3 katikati, wasifikiane kwa pua.