Baba na jirani wanaumwa kiuno, mbona mazoezi yao hayafanani?

SWALI: Baba yangu ana miaka 68 na jirani yetu, mpakiaji wa magunia, ana miaka 34. Wote wanaumwa kiuno na maumivu hushuka mguuni. Walikwenda kwa mtaalamu mmoja wa fiziotherapia hapa Tanga. Baba alifundishwa kulala chali na kuvuta magoti kifuani. Jirani alifundishwa kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono. Baba aliulizwa maswali mengi, hata habari za baiskeli yake. Je, mtaalamu huyu anabahatisha?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako naona kazi ya mtu aliyefikiri kabla ya kushika mgongo wa mgonjwa. Swali la baiskeli lilikuwa kipimo. Mzee ambaye miguu humuuma na kufa ganzi akitembea kidogo, hata akalazimika kuketi, lakini akipanda baiskeli hufika Raskazone bila taabu, huenda njia ya mishipa ya fahamu kiunoni mwake imebanwa na umri; akisimama wima hubana zaidi, na akiinamia usukani, au akivuta magoti kifuani, hupanuka kidogo. Maumivu ya kutembea huweza pia kuletwa na mishipa ya damu iliyoziba, lakini misuli inayokosa damu huuma hata juu ya baiskeli, na ndiyo sababu mtaalamu mwangalifu hupapasa pia mapigo ya damu mguuni.

Kwa kijana anayebeba mizigo, ambaye maumivu humzidi akiinama au akikaa sana, dhana ya kwanza huelekea kwenye kile kisahani laini kilicho kati ya pingili za mgongo. Dhana hiyo hupimwa kwa kuinua mguu ulionyooka na kujaribu nguvu za kidole gumba cha mguu. Zoezi lenyewe nalo ni kipimo: akiinua kifua mara kadhaa na maumivu yakapanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, dhana imepata nguvu, yakizidi kushuka unyayoni, zoezi husimamishwa na mtaalamu hufikiri upya.

Ustadi huu hauji kwa cheti peke yake. Mhitimu mpya hukusanya kila habari na kuzichambua polepole, ilhali mzoefu hutambua sura ya tatizo kwa dakika chache kwa kuwa ameshaiona mara nyingi. Hatari ya mzoefu ni kuipenda dhana yake ya kwanza. Mimi humthamini zaidi yule anayejiuliza ni jambo gani katika maelezo ya mgonjwa linaikataa dhana hiyo.

Kuna majibu ambayo hayangoji mazoezi. Baba akishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mkojo ukikataa kutoka, au akifa ganzi sehemu inayokalia tandiko la baiskeli, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo pia zisemwe mapema, kwa kuwa kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo. Wazee wetu huona haya kutaja mambo ya mkojo, hivyo tafadhali msaidie kuyasema.

Na kila anaporudi kliniki, amweleze mtaalamu amefika mlango wa nani mtaani kabla ya kulazimika kuketi.