Mkuu futa hiyo plani ya "nisirudierudie", mimi ilinimaliza

Simama kwanza hapo hapo. Umesema bosi kakupa wiki 2 uandike nyaraka zote za mfumo wenu wa klaudi, ukauliza utumie tuli gani, skrinshoti uweke ngapi, na kama ni sawa AI ikuandikie rasimu. Halafu chini kabisa, kama vile ni kitu kidogo, ukaandika kwamba maelezo ya kuandaa terminali (dirisha la kuandikia komandi) utayaweka ukurasa wa kwanza tu ili usirudierudie, kurasa nyingine zianze moja kwa moja na komandi. Hako kasentensi ndo kamenifanya nilogini baada ya miezi.

Mimi niliandika hivyo hivyo. Programu yetu ilikuwa inakaa kwenye Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la kompyuta, yaani klasta), wateja wanaiendesha wenyewe kwenye akaunti zao za klaudi, na mwandishi nilikuwa mimi peke yangu (yaani injinia aliyegundulika anaweza kumaliza sentensi, akaangushiwa zigo). Kurasa 40 na kitu, wiki 3. Ukurasa wa pili niliupamba kweli kweli: kabla ya chochote, hamia nemspesi ya majaribio (nemspesi ni kama chumba kinachotenga vitu ndani ya klasta), komandi hii hapa:

kubectl config set-context --current --namespace=majaribio

Basi. Kuanzia hapo sikutaja nemspesi tena popote, si msomaji ameshahamia? Ukurasa wa tisa ulikuwa wa mazoezi ya kurudisha bakapu, na hatua ya kwanza ni kusafisha, unafuta ili urudishe upya:

kubectl delete statefulset --all
kubectl delete pvc --all

Mstari wa kwanza unafuta programu zinazotunza data, wa pili unafuta PVC, yaani maombi ya diski zinakokaa data zao, na --all ni zote zilizomo kwenye nemspesi. Umeliona shimo? Mimi sikuliona, na niliusoma huo ukurasa labda mara 10. Hakuna mtu anayesoma nyaraka kuanzia ukurasa wa kwanza kama hadithi. Mtu anatafuta "kurudisha bakapu" kwenye Google, anadondokea ukurasa wa tisa, anakopi, anapesti. Ndicho alichofanya injinia wa mteja wetu mmoja, na wala hakuwa mzembe, alikuwa anafanya mazoezi kama ukurasa ulivyomwambia. Tatizo terminali yake ilikuwa imeshika nemspesi ya prodi (mfumo halisi, sio wa majaribio) maana ndo anayoshinda nayo kutwa, na komandi ikiwa haijataja nemspesi inaenda kwenye ile uliyonayo wakati huo, haikuulizi swali lolote.

Sasa sikia sehemu inayoniuma mpaka leo. Ukifuta PVC ambayo podi (programu inayokimbia) bado inaitumia, Kubernetes haiifuti hapo hapo, inaishikilia mpaka podi iachie. Ni kinga, watu walifikiria wakaiweka. Lakini mimi kwa ufundi wangu mstari wa juu yake nilishaziondoa podi zote, kwa hiyo kinga niliivua mwenyewe. Halafu zile volumu (diski) zinazotengenezwa zenyewe kupitia StorageClass, yaani mpangilio unaosema diski ziundwe vipi, kama hujagusa mipangilio, sera yake ni Delete, yaani PVC ikiondoka na diski yenyewe kule klaudi inaondoka. Sio jina tu limefutika, diski hamna.

Bakapu walikuwa nayo. Ya siku 6 nyuma.

Nilikaa kwenye kolu masaa 4, kamera imewashwa, mtu anausoma ukurasa wangu kwa sauti mstari kwa mstari na kila baada ya mistari miwili ananiuliza "hapa ulimaanisha nini?" Nilimaanisha ukurasa wa pili ndugu yangu, ungejibu nini na wewe? Yule mteja mkataba ulipoisha hakurudi. Mimi sikufukuzwa, nilipewa adhabu kubwa zaidi, nikaambiwa nyaraka zote niziandike upya.

Na hiyo akili sikuitoa kichwani kwangu. Kuna mtaalamu alikuja kutupa semina ya siku 2, slaidi nzima ina neno moja, USIRUDIE, eti ukishaeleza kitu mara moja imetosha, ukirudia unamdharau msomaji, si mnaona waandika programu hawarudii msimbo? Sawa mheshimiwa, ila kompyuta ukiiambia nenda ukachukue kitu ukurasa wa pili, inaenda. Binadamu mwenye haraka haendi! Nilipomwandikia baada ya ajali akanijibu kwamba templeti yake "haikutumika ipasavyo". Templeti. Naishia hapo, modereta ananijua.

Kwa hiyo shika hili moja hata kama mengine yote utayapuuza: ukurasa haujaisha mpaka mtu asiyeujua mfumo aufuate huo ukurasa peke yake, kwenye terminali mpya na akaunti mpya, wewe umekaa pembeni umefunga mdomo. Usiniambie ulijaribu komandi zote, hata mimi nilizijaribu zote na zote zilikubali, kwa sababu nilizijaribu kwenye laptopu iliyokuwa imeshahamishiwa majaribio wiki 3 nyuma. Laptopu ilikuwa inajua vitu ambavyo ukurasa haukuvisema. Tengeneza klasta ndogo kwenye laptopu kwa tuli kama kind au minikube, weka kubeconfig mpya (faili linaloiambia kubectl iende klasta na nemspesi ipi), mpe mtu ukurasa wa tisa, uone. Utashangaa vitakavyotoka: variabo uliyoiseti ukurasa mwingine, rijeni (eneo la klaudi) hujaitaja, mwenzio anapigwa 403 (huna ruhusa) sehemu ambayo wewe unapita tu kwa sababu ni admini. Nusu saa ya hivyo inaokoa siku nzima za kupanga vichwa vya habari na rangi.

Komandi yoyote inayofuta iwe na -n majaribio ndani yake (-n ndiyo inayotaja nemspesi), hata ukirudia mara 50. Hiyo --all itoe, taja kitu kwa jina. Na juu yake weka hatua ya kuangalia uko wapi, kubectl config view --minify, halafu mwonyeshe anachotakiwa kukiona kwenye mstari wa namespace, asipokiona asiendelee.

Wiki 2 hazitoshi kurasa zote, ni kweli, sasa nani kakwambia uandike zote? Kuinstoli, kuapgredi, bakapu, kurudisha, ruhusa za watumiaji, hizo kwanza. Marejeo ya API usiyaandike kwa mkono, yatoe kwenye faili la OpenAPI (maelezo ya API ambayo mashine inaweza kuyasoma). Mifano iweke kwenye Git pamoja na msimbo na CI (mashine inayojaribu msimbo kila ukibadilika) iwe inaiendesha, maana Kubernetes 1.22 ilipotoka 2021 iliondoa Ingress ya v1beta1 (toleo la zamani la mpangilio wa kuingiza trafiki) na YAML zangu, yaani mafaili ya mipangilio, zikafa kimya kimya, nimejua kwa mteja.

AI iandike rasimu, sina shida nayo, ina kasi kuliko mimi. Ila itakuandikia --all kwa kujiamini kabisa, na haitakuwepo kwenye kolu.

Kama ukurasa wa kurudisha bakapu umeshauandika uuweke hapa. Kesho jioni nafungua klasta tupu naufuata kama ulivyo, na ukinijibu "hiyo imeelezwa ukurasa wa kwanza" naanza kucheka peke yangu.