Kabla ya akika, jina litume ng'ambo kwanza

Binti yetu alipozaliwa Wete, mama mkwe alishakata shauri: huyu Jokha, jina la marehemu mama yake. Mie sikuwa na neno. Aliyeingia wasiwasi ni mume wangu, maana kwao wametawanyika, dada yake Muscat, kaka yake Copenhagen, na mtoto huenda siku moja akawafuata.

Tulikuwa na siku sita kabla ya akika. Nikawatumia jina kwa maandishi tu, nikawaomba wampe mtu wa huko alisome nao warekodi. Usiwatamkie wewe. Ukitamka watakuiga, na hutajua kitu.

Muscat likarudi Jokha, ni jina lao pia. Jirani yao Mmisri akasema Gokha, kwani Cairo jimu, yaani j ya Kiarabu, huwa ga, ndiyo maana Jamal kwao ni Gamal. Copenhagen j ni y, na kh yetu hawana, ikaja Yoka. Mume wangu akanuna. Mie nikacheka, kwa kuwa jina limepinda tu, halijawa tusi. Hapo ndipo pa kupimia. Kaka yangu ni Faki, jina la heshima Pemba nzima, na mwenye kujua Kiingereza hahitaji kuambiwa kwa nini alipokwenda kusoma Uingereza alijitambulisha kwa jina la baba. Amal nalo liangalieni: katika Kiarabu, likianza kwa herufi alifu ni matumaini, kwa aini ni kazi.

Lakini ndimi hazinisumbui kama karatasi. Mie ni Mwanakheri kwenye cheti cha kuzaliwa, na Mwanaheri kwenye pasi. Sikujali, mpaka nilipoomba viza nikarudishwa nikaape mahakamani kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Nauli, siku mbili za kazi, na aibu ya kujishuhudia mwenyewe! Kwa hiyo mnapokwenda kusajili, jina liandikeni kwa herufi kubwa, mpeni karani karatasi, na msiondoke dirishani hadi mmelisoma herufi kwa herufi. Zinazopotea ni kh, gh, dh na th. Ghanima hutoka Ganima, Thuwaiba hutoka Suweba.

Wapo wanaokimbilia majina mepesi, Lina, Sara, kwa kuogopa ulimi wa Mzungu. Ni mazuri, ila mie sikuona sababu ya kumnyima bibi jina lake. Binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 sisi twamwita Salma, mwenyewe akijiandika Salme, na Ujerumani akaishi kwa jina la Emily Ruete. Salma wetu hakupotea.

Jokha sasa ana miaka minne. Juzi ami yake alipiga simu ya video, binamu zake wakamwita Yoka. Akasogeza mdomo hadi kwenye kioo cha simu: "Si Yoka. Jo-kha. Kama babu akikoroma."