Shikamoo mara kumi kwa siku

Swali lenu la wiki hii lilikuwa "Ungekubali kumpokea nyumbani kwako mtoto aliyenyanyaswa na kutelekezwa, na ungeanza na lipi?" Nimesoma majibu ya wenzangu na karibu wote mmejibu upendo. Sawa kabisa, ila mi naomba niongeze langu maana kwangu yupo, huu mwaka wa tatu, na kitu kilichonisumbua sana mwanzoni ilikuwa ni adabu yake.

Siku analetwa alikuwa na miaka tisa na kimfuko kimoja cha nguo. Kesho yake naamka saa kumi na mbili nakuta vyombo vyote vimeoshwa, uani kumefagiwa, yeye kasimama pembeni ya mlango wa jikoni mikono kaweka nyuma. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu. Naenda bafuni, nikirudi, shikamoo mama. Natoka dukani shikamoo, natoka sebuleni naingia jikoni shikamoo tena, yani kwa siku hata mara kumi, na kila akiamkia macho anashusha chini na mabega yanapanda juu kama mtu anayesubiri kitu kimdondokee. Kwenye kochi hakai mpaka aambiwe. Chooni haendi mpaka aombe ruhusa.

Basi mtaa mzima ukampenda. Mama mkwe alikuja kutusalimia akakaa siku nne, wakati anaondoka akaniambia mbele ya wanangu, huyu ndio mtoto aliyelelewa, nyie igeni. Nilienda chumbani nikalia. Kulelewa gani sasa? Huyu mtoto alichukuliwa kijijini na ndugu kwa ahadi ya kusomeshwa mjini, akafanywa hausigeli, akawa anabeba mtoto mchanga mgongoni wakati wenzie wako darasani, akikosea anachapwa kwa waya, akilala barazani. Naishia hapo, yaliyobaki ni ya kwake, akikua akitaka atayasema mwenyewe.

Aliyemuokoa ni jirani mmoja tu aliyepiga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Hio namba ni bure jamani iwekeni kwenye simu zenu. Watu wanaogopa kuambiwa wambea lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 hapa Tanzania inasema mtu yeyote kwenye jamii akiwa na taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa. Ni wajibu kabisa. Baada ya hapo ikawa polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, PF3 (ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), hospitali, afisa ustawi wa jamii. Mi na baba watoto tulishaomba kabla kuwa walezi, tukatembelewa nyumbani, tukahojiwa mpaka tunalala wapi na tunakula nini, barua ya mtaa, ndio akaletwa kwetu. Na mjue haya ni malezi ya kambo, sio kuasili. Kuasili kunaamuliwa Mahakama Kuu na mtoto anakuwa wako kisheria moja kwa moja, sisi tunamlea tu huku afisa ustawi anakuja kumwangalia, na mama yake mzazi bado ni mama yake.

Yule afisa ndio alinifumbua macho. Nilikuwa nampa ripoti nzuri, anajituma, hasumbui, akanikatisha. Akasema mama, usimsifie kwa kazi. Kila ukimsifia kwa vyombo unamwambia kwamba kukaa hapa anakulipia. Nilirudi nyumbani kichwa kinauma kwa sababu nilikuwa namsifia kutwa nzima, nikidhani namjenga.

Tukamkataza kazi zote, napo tukakosea. Alishikwa na hofu mpaka akaanza kukojoa kitandani, nahisi aliona ndio anaandaliwa kurudishwa. Ikabidi tumpe kazi moja yenye mwanzo na mwisho, kumwagilia mchicha jioni, ukimaliza umemaliza, nenda kacheze. Kucheza kwenyewe hajui. Anasimama kwenye ukuta anaangalia wenzie wanaruka kamba. Shuka tulikuwa tunabadilisha kimya kimya bila maneno, na kijana wangu wa kwanza nilimwambia akithubutu kumcheka tutaonana wabaya.

Nisipolisema hili nitakuwa nimewadanganya. Mwezi wa pili kijana wangu huyo alinijibu vibaya nikashika kandambili nikamtandika mbili tatu kama ambavyo sisi wote tulitandikwa. Yule binti alikuwa upande wa pili wa sebule kabisa, hakuna aliyemgusa wala kumwangalia, alijikojolea pale pale amesimama, halafu akapiga magoti akaanza kuniomba msamaha YEYE. Mimi sikuwa na la kusema. Kandambili iliisha siku hio nyumbani kwangu kwa watoto wote, na sio kwamba nimekuwa mzungu kama shemeji yangu anavyosema, ni kwamba niliona kwa macho yangu kile kipigo kinaenda mbali kuliko ngozi ya uliyempiga.

Shuleni nako ikabidi niende mapema. Viboko vipo kwenye kanuni za shule, visizidi vinne na mwalimu mkuu ndie anayechapa au anayetoa idhini, lakini tunaishi humu tunajua hali ilivyo. Nilimwomba mwalimu mkuu huyu asichapwe kabisa, nikaeleza kidogo tu sio yote, akanielewa, akampangia mwalimu mama wa watu mpole. Alianza darasa la kwanza na miaka tisa yake, mrefu kuliko wote. Nilifikiri ataona aibu kumbe alikuwa anafurahia soksi. Soksi nyeupe, anazifua kila siku.

Ndugu walikuja pia, na ndio sehemu iliyonipa presha kweli. Wanasema yaishe kifamilia, mtoto ni wao, kesi inavunja ukoo, mmoja akaja na bahasha. Kama mnafikiria kupokea mtoto wa aina hii jiandaeni na hilo kabla ya kitanda na chandarua. Msiwafungulie mazungumzo hayo sebuleni, waelekezeni kwa ustawi wa jamii na polisi, na mtoto asisikie hata neno moja maana akisikia tu anarudi nyuma miezi.

Kuna siku alivunja glasi. Tukamtafuta tangu saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku, kumbe kajikunja nyuma ya simtanki. Baba watoto hakumvuta, alikaa chini kwenye mchanga na suruali yake ya kazini, akaanza kumuhesabia vitu alivyowahi kuvunja yeye tangu amenioa, kioo cha kabati, birika, redio ya mama yake. Alipofika kwenye redio ikasikika sauti ndogo inauliza, ulipigwa? Akasema hapana. Wakakaa tena kama nusu saa. Kisha akatoka.

Kwa hiyo mkiniuliza ningeanza na lipi, ningeanza na kuacha kufurahia utulivu wake. Mtoto mtulivu kupita kiasi tunamsifia sana sisi, tunasema huyu hana shida, kumbe ndio anayetaka uangalizi kuliko yule anayevunja milango.

Juzi hapa shule zimefungwa, nimeamka saa mbili kasoro, vyombo vya jana vyote viko kwenye karai vinanukia samaki. Yeye yuko kwenye kochi kanyoosha miguu, katuni sauti juu, anagombania rimoti na mdogo wake. Nimepita mbele yake, hajaniamkia. Nimeenda jikoni nimerudi, hajaniamkia. Mama mkwe yupo wiki hii, akanivuta pembeni akaninong'oneza, mkwe, huyu mtoto umeshamharibu.

Nikamjibu ndio mama, kisha nikaenda kuosha vyombo.