Majungu hayaishi kwa pikiniki ya Raskazone

Kila ukifika mwisho wa mwaka utaziona kampuni za hapa Tanga zikiwapeleka wafanyakazi ufukweni Raskazone, zenye uwezo zaidi zinakwenda hadi Pangani. Fulana mpya zenye nembo, pilau, kuvuta kamba, bosi anacheza kidogo watu wanacheka. Sina ugomvi na pilau. Ila Jumatatu mnarudi ofisini, na yule aliyekuwa akimchongea mwenzie kwa bosi anaendelea pale alipoishia.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha, nilianza karani wa nyaraka na sasa ni msimamizi. Nikitaka kujua kama ofisi ina kuaminiana, naangalia jambo moja tu: habari mbaya inachukua muda gani kumfikia bosi.

Sisi watu wa Tanga tuna mtihani wetu hapa. Mtu hapiti mlangoni kwako bila kukujulia hali, ya nyumbani, ya watoto, ya bibi aliyekuwa anaumwa. Mgeni akiona anasema ofisi hii ina upendo. Kumbe shikamoo zinaweza kupigwa kila asubuhi na bado kijana asithubutu kumwambia mkubwa wake wa kazi kwamba hesabu haikukaa sawa.

Kwenye ofisi moja niliyopitia, kijana wa nyaraka aligundua Jumatatu kwamba uzito wa kontena la vipuri kwenye karatasi moja haulingani na ulioandikwa kwenye nyingine. Akaikunja ile karatasi akaisukumia chini ya kalenda ya mezani. Alhamisi afisa wa forodha akauliza. Mzigo ukasimama, siku za bure bandarini zikaisha, tozo ya kuhifadhi ikaanza kuhesabiwa, na mteja akawa anapiga simu hadi tukachoka kupokea. Jumatatu ileile lingekuwa jambo la kurekebisha tansad, yaani fomu ya tamko la forodha, na kuendelea. Kwa nini hakusema? Bosi wa wakati ule alikuwa na mtindo wa kusoma makosa ya watu kwenye kikao cha asubuhi, kwa sauti, hata mama anayeleta chai anasikia. Kijana alipiga hesabu yake akaona bora kimya.

Amy Edmondson, profesa wa Harvard, alikutana na jambo linalofanana na hili miaka ya 1990 alipochunguza makosa ya dawa kwenye hospitali za Marekani. Alitarajia timu zenye maelewano mazuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema. Kwa hiyo meneja akijisifu kwamba idara yake haina makosa, mimi huwa namwonea huruma kidogo.

Aliyekuja baada ya yule bosi alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti lakini si wa kuchezewa. Kila asubuhi aliuliza swali lilelile: "Kipi kimekwama?" Mwanzoni watu walitazama meza. Siku mtu mmoja aliposema kweli, mama akajibu, "Ahsante kuniambia mapema," akachukua simu akampigia mteja yeye mwenyewe, sisi tukisikia. Suala la nani alikosea lilizungumzwa baadaye, mlango umefungwa. Wote tulikuwa tunasubiri kuona kitakachompata mwenzetu, na hakikumpata kitu. Kuanzia hapo midomo ilifunguka.

Kwa mzee wa stoo, mwenye umri wa kumzaa, alitumia njia nyingine. Alikwenda stoo mwenyewe, shikamoo kwanza, kisha: "Mzee, hebu nielekeze, hii hesabu tumeifikiaje?" Mzee akaanza kueleza, katikati akaiona kasoro, akachukua kalamu. Hakuna aliyevunjiwa heshima mbele za watu. Kwa mazingira yetu naiona njia hii ni bora kuliko zile semina za kuambiana ukweli waziwazi.

Majungu aliyapiga vita kwa sentensi moja. Ukimpelekea habari za fulani, anasema, "Ngoja nimwite, uyaseme akiwepo." Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana kazi zinawasubiri. Ukitaka kuiga hili, shika msimamo, maana ukisikiliza umbea wa mtu mmoja tu, tena kwa sababu ni rafiki yako, umeshaharibu.

Halafu kuna pesa, na hapa maneno matamu hayasaidii. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Siku hizi mtu anaangalia michango yake kwenye simu. Akikuta anakatwa na hela haijafika, usimwambie sisi ni familia moja. Vivyo hivyo saa za ziada: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara 1.5.

Kuhusu misiba, sheria hiyohiyo inatoa siku 4 zenye malipo, inataja mzazi, mwenza, mtoto, mjukuu, kaka na dada, babu na bibi. Mama mdogo hayumo. Lakini nani Tanga hajalelewa na mama mdogo? Yule bosi mama alimpa ruhusa aliyefiwa na mama mdogo, na alikuja mazishini mwenyewe.

Kundi la WhatsApp: matangazo tu. Kumgombeza mtu humo saa nne usiku ni kikao kilekile cha asubuhi cha yule bosi wa kwanza.

Wewe ambaye si bosi, na wa kwako ni kama yule wa kwanza, anza na kosa dogo. Mpelekee mapema, akiwa peke yake, pamoja na njia ya kulirekebisha, na weka nakala ya karatasi zako. Baadhi yao hulainika wakiona wameepushwa na hasara. Na akikufukuza bila utaratibu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea lalamiko ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, kwa hiyo usikae nyumbani kusubiri akupigie simu ya kuomba radhi.