Michel Leclercq na mwanzo wa Decathlon
Umeuliza iwapo mwanzilishi wa Decathlon, kampuni ya Ufaransa ya maduka ya vifaa vya michezo, alianza bila kuijua biashara ya maduka. Sivyo: Michel Leclercq ni wa ukoo wa Mulliez wa kaskazini mwa Ufaransa, ambako binamu yake Gérard alianzisha Auchan, kampuni ya maduka makubwa, mwaka 1961 mjini Roubaix, naye mwenyewe alifanya kazi Auchan kabla ya kufungua, mwaka 1976, duka lake la kwanza huko Englos, karibu na Lille, akiweka vifaa vya michezo mingi chini ya paa moja kwa bei nafuu. Kwangu mimi hatua kubwa zaidi ni ya mwaka 1986, kampuni ilipoanza kutengeneza bidhaa zake yenyewe badala ya kuuza za wengine tu.